Kalenda ya Sikukuu za Bara na Visiwani, Toleo la 2026

Kalenda ya ukutani ya mwaka 2026 inayouzwa katika duka moja la vifaa vya shule na ofisi hapa Ngamiani, mjini Tanga, inastahili kusomwa kwa makini kuliko kalenda nyingi tunazozitundika bila kuzitazama zaidi ya tarehe. Chini ya jedwali la kila mwezi yamo maelezo ya chimbuko la kila siku iliyochapwa kwa wino mwekundu, na sikukuu zenye asili ya Zanzibar zimeelezwa kwa upana uleule uliopewa sikukuu za Tanzania Bara. Bei yake ni shilingi 8,000. Kwa mtu aliyezoea kununua kalenda ya karatasi moja kwa shilingi 2,000, au kupewa bure na duka analonunulia saruji, bei hiyo si ndogo, na ni haki yake kuelezwa analipia nini.

Umbo lake halina ubishi. Ni karatasi 12 nzito zilizounganishwa juu kwa waya wa kusokota, na namba zake ni kubwa kiasi cha kusomwa na mteja aliyesimama upande wa pili wa kaunta. Chini ya kila tarehe ya miladia ipo tarehe ndogo ya Hijria, na miezi ya Kiislamu imetajwa kama tunavyoitaja pwani: Rajabu, Shaabani na Ramadhani, kisha Mfunguo Mosi hadi Mfunguo Tisa. Jambo hili nimelipenda sana, kwa sababu wazee wetu wengi bado hukwambia kwamba Maulidi yako Mfunguo Sita, na kijana asiyejua hesabu hiyo hubaki akiitikia tu. Kasoro ya umbo ni ndoano ya juu, ambayo ni nyembamba mno. Mwenye ukuta wa matofali afadhali aining'inize kwa uzi imara.

Watu wa Tanga wana sababu ya kuzijua sikukuu za visiwani, na sababu hiyo haikuanza jana. Mji huu, kama Pangani na Bagamoyo, ulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar na uliendeshwa na liwali wake hadi pale mwambao ulipokodishwa kwa kampuni ya Wajerumani mwaka 1888, kisha ukauzwa kwa Ujerumani kwa marki milioni 4 mwaka 1890, mwaka uleule ambao Zanzibar yenyewe iliwekwa chini ya himaya ya Uingereza. Tangu hapo pande mbili za maji haya zikawa na serikali mbalimbali na siku za mapumziko mbalimbali, hadi mwaka 1964. Siku hizi sababu ni ya kibiashara zaidi. Sisi tunaopeleka vifaa vya ujenzi Mkoani na Wete, kisiwani Pemba, tunajua hasara ya mzigo kulala bandarini kwa kuwa mpokeaji hakukumbuka, au hakujua, kwamba ofisi za upande wa pili zimefungwa. Kalenda inayomsaidia mfanyabiashara kuliona hilo mapema imekwisha kulipa sehemu ya bei yake.

Mwezi Januari ndio unaoonyesha uwezo wa watayarishaji na mipaka yao kwa wakati mmoja. Mwaka huu Siku ya Mapinduzi, tarehe 12, imeangukia Jumatatu. Maelezo yanasema kwamba usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964 wanamapinduzi walivamia vituo vya polisi, kikiwamo cha Ziwani, wakachukua silaha, na kufikia mchana serikali ikawa imeanguka. Sultani Jamshid bin Abdullah akaondoka kwa meli, na Sheikh Abeid Amani Karume wa chama cha Afro-Shirazi akawa Rais wa Zanzibar. Yote hayo ni sahihi na yameandikwa kwa lugha safi. Kilichoachwa ni siku 33 zilizotangulia, na bila hizo msomaji kijana hawezi kuielewa siku yenyewe. Zanzibar ilipata uhuru kutoka kwa Waingereza tarehe 10 Desemba 1963, ikiwa dola ya kifalme yenye Sultani, na siku chache baadaye ikapokelewa Umoja wa Mataifa. Katika uchaguzi wa Julai 1963 Afro-Shirazi kilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura lakini viti 13 tu kati ya 31, kwa sababu kura zake zilirundikana katika majimbo machache, na vyama viwili vilivyoungana, ZNP chenye viti 12 na ZPPP chenye viti 6, vikaunda serikali. Mtoto anayesoma kwamba Mapinduzi yalimwondoa Sultani, ilhali mwalimu wake amemfundisha kwamba watawala walikuwa Waingereza, atauliza Waingereza walikwenda wapi. Jibu lake ni hizo siku 33.

Sipendekezi kwamba tarehe 10 Desemba ichapwe kwa rangi nyekundu, kwa kuwa haimo katika sikukuu za umma, na kalenda haina mamlaka ya kuongeza sikukuu. Lakini kalenda hii ina rangi ya kijani kwa siku zenye historia zisizo za mapumziko, na mstari mmoja wa kijani ungetosha. Hapohapo Desemba ningeongeza jambo ambalo hata watu wazima wengi hawalijui: tarehe 9 Desemba, ambayo Tanganyika ilipata Uhuru wake mwaka 1961, ndiyo tarehe ambayo Sultani Khalifa bin Harub alishika kiti cha Zanzibar mwaka 1911, akakikalia hadi alipofariki Oktoba 1960. Mwaka 1936 Zanzibar ilitoa stempu za posta kwa ajili ya jubilei yake ya miaka 25. Kwa wazee wa Unguja wa kizazi hicho, tarehe 9 Desemba ilikuwa na maana yake kabla bendera ya Tanganyika haijapandishwa, na mkutano huo wa tarehe unanikumbusha kila mara kwamba siku moja inaweza kubeba kumbukumbu mbili zisizojuana.

Maelezo ya tarehe 7 Aprili ni bora kuliko yote katika kalenda hii, na ningemshauri mzazi ayasome pamoja na wanawe. Yanaeleza kwamba Mzee Karume aliuawa kwa risasi jioni ya tarehe 7 Aprili 1972 katika makao makuu ya chama chake Kisiwandui, akiwa katika mchezo wa bao na wenzake. Kwamba alizikwa hapohapo Kisiwandui. Kwamba Aboud Jumbe alishika nafasi yake. Na kwamba kila mwaka siku hiyo husomwa hitma kumwombea yeye na wenzake waliotangulia. Mwandishi wa maelezo ameonyesha kwa staha kwamba hii ni siku ya dua, na hakuna shamrashamra zinazotarajiwa. Kisha ameilinganisha na tarehe 14 Oktoba, siku aliyofariki Mwalimu Nyerere katika hospitali mjini London mwaka 1999. Taifa hili, basi, linawakumbuka waasisi wake wawili kwa siku walizoondoka duniani, ingawa Mwalimu alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922, siku sita tu baada ya tarehe ya Karume katika kalenda, na ingewezekana kabisa kuichagua siku hiyo. Uchaguzi wa siku ya kifo unafanana na desturi zetu, ambazo zina arubaini na hitma ya mwaka, na hazikuwa na sherehe ya siku ya kuzaliwa hadi juzi juzi.

Kwa mwenye biashara, Aprili ya mwaka huu inahitaji tahadhari ya pekee. Ijumaa Kuu ni tarehe 3, Pasaka tarehe 5, Jumatatu ya Pasaka tarehe 6, na Siku ya Karume inafuata Jumanne tarehe 7. Hizo ni siku tano mfululizo ambazo ofisi za serikali hazitakuwa na kazi ya kawaida, Bara na visiwani. Watayarishaji wamelichora tao jembamba jekundu juu ya siku hizo tano ili jicho lisizipite, na kwa hilo peke yake nimeshampigia mwenzangu wa Wete tukubaliane kwamba mzigo wa Aprili uvuke mwezi Machi, mara tu baada ya Idi.

Kosa kubwa la kalenda liko mwezi huohuo wa Aprili. Maelezo ya Siku ya Muungano yanasema kwamba Nyerere na Karume walitia saini Hati za Muungano mjini Dar es Salaam tarehe 26 Aprili 1964. Hati hizo zilitiwa saini Zanzibar, tarehe 22 Aprili. Bunge la Tanganyika liliziridhia tarehe 25, na tarehe 26 ndiyo siku Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar ilipoanza kuwapo kisheria. Jina la Tanzania lilikuja baadaye, Oktoba mwaka huohuo. Naona chanzo cha kosa ni ile picha maarufu ya Mwalimu akichanganya udongo wa nchi mbili, ambayo imechapwa katika vitabu vya shule kwa miaka mingi, hata watu wengi wakaamini kwamba mambo yote yalifanyika siku moja na mahali pamoja. Hata hivyo kalenda inayojinasibu kwa kueleza chimbuko la sikukuu haiwezi kusamehewa hapa kirahisi. Kwa Mzanzibari, kwamba Mwalimu alivuka bahari kwenda kutia saini Unguja ni jambo lenye uzito, na kwa sisi wengine sote, tofauti kati ya siku ya saini, siku ya kuridhiwa na siku ya kuanza kazi ndiyo hasa inayofafanua kwa nini tunapumzika tarehe 26 na si tarehe 22. Nililipeleka suala hili dukani. Binti anayeuza alinisikiliza kwa adabu na kusema, "Baba, tuandikie kwenye karatasi, tutamfikishia mpiga chapa pamoja na hesabu zake." Niliandika, na nimeahidiwa kwamba toleo lijalo litarekebishwa.

Sikukuu nyingine za kitaifa zimepitiwa vizuri bila makuu. Imeelezwa kwamba Saba Saba ilikuwa siku ya kuzaliwa kwa TANU, tarehe 7 Julai 1954, kabla ya kugeuzwa kuwa siku ya maonyesho ya biashara, na kwamba wakulima walihamishiwa Nane Nane. Kuhusu Mei Mosi, maelezo yametufikisha Chicago ya mwaka 1886 na mapambano ya kudai kazi ya saa nane kwa siku, yakaishia huko. Kalenda iliyochapwa Tanga ingeweza kurudi nyumbani. Mwaka 1939 makuli wa bandari ya mji huu waligoma kudai ujira bora, na historia ya mashamba ya mkonge yanayotuzunguka imejaa madai ya vibarua. Kutaja hayo kusingechukua zaidi ya mistari miwili, na mtoto wa Chumbageni au Makorora angejua kwamba siku hiyo ina mizizi hata hapa alipo.

Sasa nifike kwenye Idi na Maulidi, ambako kalenda nyingi hukosea kwa kujiamini kupita kiasi. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, hivyo kila sikukuu yake hurudi nyuma kwa takriban siku 11 katika kalenda ya miladia, na mwanzo wa mwezi hujulikana kwa mwandamo. Hesabu za wanajimu zinaweza kukuambia mwezi utakuwa wapi angani, lakini tangazo la sikukuu husubiri shahada ya walioona, na hutolewa na Mufti: kwa Bara kupitia BAKWATA, na kwa Zanzibar kupitia Ofisi ya Mufti wa huko. Kuchapa tarehe moja nyekundu miezi mingi kabla ya hapo ni kumwahidi msomaji kitu ambacho mpiga chapa hana. Kalenda hii imefanya uungwana. Kwa Idi el Fitri imechora miraba miwili mitupu yenye kingo nyekundu, tarehe 20 na 21 Machi. Kwa Idi el Haji, inayoangukia tarehe 10 Mfunguo Tatu, imefanya vivyo hivyo tarehe 27 na 28 Mei. Na kwa Maulidi, tarehe 12 Mfunguo Sita, miraba iko tarehe 25 na 26 Agosti. Ndani ya mfuko wa nailoni unaokuja na kalenda kuna stika ndogo nyekundu, nawe unabandika mojawapo katika mraba unaostahili mara tangazo linapotoka redioni.

Wazo hili ni zuri kiasi kwamba nashangaa halijaigwa na wengine. Lina faida ya kiofisi, kwa kuwa mtu hapangi mkutano juu ya tarehe aliyodhani ni ya uhakika. Lina faida ya amani pia. Katika mji wetu si jambo geni nyumba moja kufungua leo na nyumba ya jirani kesho, kila moja ikifuata mwandamo inaouamini, na kalenda iliyokwisha kuhukumu mapema huwapa watu sababu ya kubishana mbele ya ukuta. Miraba miwili inawaheshimu wote. Tatizo liko kwenye gundi. Toleo la mwaka jana lilikuwa na stika za namna hiyohiyo, na kwa joto na chumvi ya upepo wa bahari tulio nao Tanga, ziliinuka kingo na kudondoka kabla mwaka haujafika mwisho. Dukani wanasema gundi imebadilishwa, ila hilo litathibitika baada ya Idi. Upungufu mwingine ni kwamba maelezo ya Idi hayasemi lolote kuhusu desturi ya visiwani ya kuisherehekea kwa siku nne, Idi Mosi hadi Idi Nne, watoto wakivalishwa nguo mpya na kwenda viwanja vya sikukuu kila jioni. Mtu anayetarajia fundi wa Pemba arudi kazini siku ya tatu atakuwa amehesabu vibaya, na kalenda ingeweza kumwonya.

Miongoni mwa siku za kijani, iliyopewa nafasi kubwa zaidi ni Mwaka Kogwa wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, katika mwezi Julai. Si sikukuu ya serikali, lakini ni ya kale kuliko karibu zote zilizochapwa kwa nyekundu. Asili yake inahusishwa na Nairuzi, mwaka mpya wa Waajemi, na mambo yake ni yale yanayojulikana: wanaume hupigana kwa vijiti na migomba ili kumaliza kinyongo cha mwaka uliopita, kibanda cha makuti huchomwa, wanawake huimba, watu huenda kuoga baharini, na chakula hupikwa kwa ajili ya kila mgeni. Kilichonivutia ni kwamba watayarishaji wameeleza hesabu iliyo nyuma yake. Mwaka huo wa jua una siku 365 bila siku ya nyongeza, umegawanywa katika miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano zinazobaki hukamilisha hesabu. Kwa kuwa hauna mwaka mrefu, siku ya mwaka husogea kwa siku moja kila baada ya miaka minne ukiulinganisha na kalenda ya miladia. Hesabu hiyo ya miongo haikuwa ya Makunduchi pekee. Wavuvi na wakulima wa mwambao mzima, pamoja na huku kwetu, waliitumia kujua majira ya pepo na mvua, na ilinifurahisha kuiona imechapwa kwa heshima katika kitu cha matumizi ya kila siku.

Ukurasa wa mwisho, nyuma ya Desemba, ndio unaofanya nisite kuiita kalenda hii kalenda tu. Unaorodhesha sikukuu za visiwa jirani vya Bahari ya Hindi: Mauritius yenye uhuru wa tarehe 12 Machi 1968, Shelisheli yenye uhuru wa tarehe 29 Juni 1976, Komoro iliyojitangazia uhuru tarehe 6 Julai 1975, siku moja kabla ya Saba Saba yetu. Hayo ni mambo ya uhuru, na yamepitishwa haraka kama yanavyostahili. Lakini kisha wameingia katika visiwa viwili vidogo vilivyobaki chini ya Ufaransa, Mayotte na Réunion, na hapo ndipo nilipojifunza zaidi.

Mayotte ni kisiwa cha nne cha funguvisiwa la Komoro, ambacho watu wake walipiga kura kubaki na Ufaransa wakati wenzao wakijitenga, na tangu mwaka 2011 ni mkoa kamili wa nchi hiyo. Sikukuu yake ya pekee ni tarehe 27 Aprili, siku ya kukumbuka kufutwa kwa utumwa. Tarehe hiyo ni ya amri ya serikali ya Ufaransa ya mwaka 1848, iliyofuta utumwa katika makoloni yote. Ajabu ni kwamba Mayotte ilikuwa imekwisha kufutiwa utumwa kwa amri ya mfalme ya tarehe 9 Desemba 1846, zaidi ya mwaka mmoja kabla. Réunion kwa upande wake ilihusika moja kwa moja na amri ya tarehe 27 Aprili 1848, lakini haipumziki siku hiyo. Hupumzika tarehe 20 Desemba, siku ambayo kamishna Sarda Garriga aliitangaza amri hiyo kisiwani na watumwa zaidi ya 60,000 wakawa huru. Kwa hiyo kisiwa ambacho amri ya 1848 ilikikuta kimekwisha kuwekwa huru kinaiadhimisha tarehe ya amri hiyo, na kisiwa ambacho amri hiyo ndiyo iliyokiweka huru kinaadhimisha siku habari ilipofika. Hakuna mantiki ya hesabu inayoweza kukupa tarehe hizo. Kila kisiwa kimechagua lini kumbukumbu yake ianzie, kwenye wino wa mtawala au kwenye masikio ya aliyekuwa mtumwa. Mauritius nayo hupumzika tarehe 1 Februari, kwa kufutwa kwa utumwa mwaka 1835.

Kusoma ukurasa huo kunamfanya mtu arudi kwenye kurasa za Zanzibar na kuuliza. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba ambao Sultani Barghash alitia saini Juni 1873, na kanisa kuu la Waanglikana la Mkunazini likajengwa mahali hapo. Hali ya utumwa yenyewe ilifutwa kisheria mwaka 1897. Waliopitishwa katika soko hilo walitoka Bara, wengi kupitia miji ya mwambao huu, Bagamoyo na Pangani zikiwa miongoni mwake. Katika kalenda ya Zanzibar hakuna tarehe nyekundu inayoyakumbuka hayo, wala katika ya Bara. Uamuzi wa sikukuu ni wa serikali na si wa mpiga chapa wa Ngamiani, lakini rangi ya kijani ipo mikononi mwake. Waliojua kuandika vizuri kiasi hiki habari za Réunion wangeweza kuandika mstari mmoja chini ya Juni kuhusu Mkunazini, na nimewaomba wafanye hivyo katika karatasi ileile ya marekebisho.

Kuhusu huduma ya duka lenyewe, anayenunua nakala moja hatakuwa na la kulalamikia: kalenda hufunguliwa mbele yake, kurasa huhesabiwa, na stika hukaguliwa kama zipo. Mwenye biashara anayechukua nakala 50 au zaidi huchapiwa jina lake chini ya kila karatasi bila malipo ya ziada, na uchapaji huo ni nadhifu. Udhaifu wao ni muda. Zangu ziliahidiwa katikati ya Desemba, zikafika baada ya Siku ya Mapinduzi, wakati wateja wangu wengi walikuwa wamekwisha kupata kalenda kwingine, na nyingine nililazimika kuzipeleka Pemba kama zawadi. Kuanzia Februari nakala zilizobaki huuzwa kwa shilingi 5,000, bei ambayo mwalimu au madrasa inaweza kuimudu, na kwa matumizi ya darasani miezi miwili iliyopita haipunguzi kitu, kwa kuwa maelezo ya Januari yanasomeka wakati wowote. Maagizo ya toleo la 2027 yatapokelewa kuanzia Oktoba. Anayetaka jina lake lichapwe alipe mapema mwezi huohuo, aandikiwe tarehe ya kukabidhiwa kwenye risiti, na aombe kuonyeshwa nakala ya kwanza ya ukurasa wa Aprili kabla mashine haijaanza kazi.